Nyuzi za gitaa la umeme zenye sauti laini isiyochoma masikio: maswali ninayoulizwa kila wiki

Napiga gitaa kanisani Jumapili, na Ijumaa usiku napiga na bendi kwenye hoteli moja hapa Dar, sasa kwa vile gitaa langu lina ile sauti nene imetulia haina kelele za bati, basi haipiti wiki bila mtu kunifuata, kaka unatumia nyuzi gani hizo. Nimeandika jibu lilelile kwenye WhatsApp mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo nimeyaweka yote pamoja, soma lile linalokuhusu.

Sina muda, niambie tu ninunue nini

Nikeli safi, seti ya 11 (namba ya unene), raundiwundi za kawaida, yaani zenye msokoto wa waya wa duara. Ukipiga nyimbo za taratibu tu na huna mambo mengi ya kubendi (kuusukuma uzi pembeni sauti ipande), chukua flatiwundi za 11, zile zenye msokoto bapa. Basi, nenda dukani. Ila kabla hujatoa hela soma lile swali la nyuzi mbili za kwanza huko chini, maana hapo ndipo wengi tunaliwa.

Kwani lazima ninunue nyuzi? Si kuna kinobu cha toni?

Sio lazima, na nafurahi umeuliza. Kijana mmoja wa kwaya alinijia analalamika gitaa lake linachoma kama sindano, nikalishika: swichi iko kwenye pikapu ya nyuma karibu na briji (pale nyuzi zinapofungwa mwilini), toni iko 10, trebo (sauti kali) ya amplifaya imefunguliwa mwisho, na yeye anapiga na plektra nyembamba kama vocha ya kukwangua. Nikahamia pikapu ya shingoni, nikashusha toni mpaka 5, nikamwambia tupa hiyo plektra piga na kidole gumba, sogea huku karibu na shingo. Akacheka mwenyewe. Nyuzi zilikuwa zilezile. (Na pikapu hapa ni ile sumaku ya gitaa jamani, sio ya kubebea matofali.)

Kwa hiyo fanya hayo kwanza, ni bure, kaa nayo hata wiki mbili. Kama bado husikii unachotaka ndio tuongelee nyuzi, kwa sababu kinobu cha toni kinakata sauti kali zote kwa mpigo kama umemfunika mtu blanketi, wakati uzi unabadilisha sauti kule inakoanzia, na unabadilisha pia jinsi vidole vinavyojisikia, kitu ambacho kinobu hakiwezi.

Nikeli safi na hizi za kawaida zina tofauti gani? Mbona zote wameandika nikeli?

Hapa viwanda vinachanganya watu. Uzi mnene wa gitaa una vitu viwili: waya wa katikati ambao ni chuma, na waya mwingine umezungushwa juu yake, huo msokoto ndio tunaoubishania. Seti nyingi unazokuta madukani, zile za 10 kwa 46 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa) ambazo kila mtu anazo, msokoto wake ni chuma kilichopakwa nikeli kwa juu, nikeli yenyewe ni kama asilimia 8 tu. Zile zinazoitwa nikeli safi, msokoto wote ni nikeli kwa karibu asilimia 99.

Sasa pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, inasikia jinsi chuma kinavyocheza juu yake. Nikeli inavutwa na sumaku kidogo kuliko chuma, kwa hiyo pikapu inapata sauti ndogo kidogo na ile ncha kali ya juu inapungua. Sio tofauti ya mbingu na ardhi, ila ukitoa seti moja na kuweka nyingine siku hiyohiyo utaisikia, hasa kwenye uzi wa nne, wa tano na wa sita.

Ukisikiliza magitaa ya rekodi za miaka ya 50 na 60 ukashangaa mbona yalikuwa na ule utamu, kumbuka kipindi hicho nikeli safi ndiyo ilikuwa kawaida. Baadaye, kuelekea miaka ya 70, nikeli ikapanda bei na viwanda vikahamia kwenye chuma kilichopakwa. Watu wa rock wakapenda ule ukali mpya, ikawa ndio kawaida yetu mpaka leo.

Na stenlesi?

Stenlesi za raundiwundi ndizo zenye makali kuliko zote, kwa tunachokitafuta hapa ziache. Isipokuwa kama nikeli inakuwasha vidole, wapo watu ngozi zao haziipendi kabisa, hao wachukue stenlesi halafu wapunguze makali kwenye kinobu.

Flatiwundi ni nini hasa?

Pitisha ukucha kwenye uzi wa sita wa gitaa lako, unasikia "zzzip", si ndio? Ule ni msokoto wa waya wa duara, ndio maana zinaitwa raundiwundi. Flatiwundi badala ya waya wa duara wanazungusha utepe bapa wa chuma, kwa hiyo uzi unakuwa laini kama umepigwa pasi, ukucha unateleza tu kimya. Zile kelele za kidole kukwaruza ukihama kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinapotea karibu zote.

Sauti yake ni nene, inaanza na "thum" halafu inaisha mapema, haiendi mbali. Ndizo nyuzi za jazz tangu enzi. Wes Montgomery alipiga flati nene kwenye Gibson L-5 yake, na kidole gumba juu yake, ukichanganya hivyo vitatu ndio unapata ile sauti kama siagi. Pat Metheny naye ni mtu wa flati, hizi D'Addario Chromes, kwa hiyo sio kitu cha wazee tu.

Kitu kilichonishangaza mimi: hizo Chromes ni za stenlesi! Yaani chuma kilekile nilichokwambia hapo juu ukikwepe, ila kwa sababu ni bapa zinatoa sauti ya chini imetulia. Umbo la msokoto lina nguvu kuliko aina ya chuma, ukilielewa hilo hutadanganywa na maandishi ya kwenye pakiti.

Katikati kuna hafu raundi, zinasokotwa kama raundiwundi halafu zinasagwa juu zilainike. Mimi nilizitumia miezi minne hivi nikaona hazijui zinataka nini, lakini wapo marafiki zangu wanazipenda sana.

Nimeweka flati lakini uzi wa kwanza na wa pili bado zinalia kama bati, nimeibiwa?

Hujaibiwa, na hili ndilo swali nililosema mlisubiri. Uzi wa kwanza na wa pili ni waya mtupu wa chuma, hauna msokoto wowote, na kwenye seti karibu zote ni waya uleule tu. Flatiwundi za bei kali, nikeli safi, za kawaida, ukitoa zile nyuzi mbili za kwanza ukazichanganya mezani hutajua ipi imetoka wapi. Kwenye raundiwundi za 10 na 11 hata wa tatu nao ni mtupu. Maana yake ukinunua nikeli safi umebadilisha nyuzi tatu kati ya sita, na kama wewe ni mpiga solo unayeishi kwenye nyuzi za juu, hela yako nyingi imekwenda mahali ambapo hugusi.

Mbaya zaidi, nyuzi nene zikishapoa zile tupu zinaonekana zimepaza sauti kuliko zamani. Dawa yake iko kwenye bisibisi: shusha pikapu kidogo upande wa nyuzi nyembamba, robo mzunguko, sikiliza, robo nyingine. Kama pikapu yako ina viskrubu sita juu, kila uzi na chake, zamisha cha uzi wa pili maana huyo ndiye mpiga kelele mkuu. Nilipofanya hivyo kwenye gitaa langu ndipo flati zilipoanza kunipa maana, kabla ya hapo nilikuwa karibu kuzing'oa.

Kitu cha pili kinachonenepesha nyuzi tupu ni unene wenyewe.

Haya, 9, 10, 11 au 12?

Hiyo namba ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa 10 ni inchi 0.010, robo milimita tu, na wa 11 umezidi hapo kwa kitu ambacho jicho halioni. Ila mkono unaona! Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi kama wa magitaa ya Fender, inchi 25.5, uzi wa kwanza wa 10 unavutwa na kama kilo 7.3 hivi, wa 11 unafika karibu kilo 8.9. Hiyo ni nyongeza ya moja ya tano kwa uzi mmoja, sasa zidisha kwa shingo nzima. Seti nzima ya 10 inavuta shingo kwa karibu kilo 47, ya 11 inapita 50.

Unachopata ni uzi unaotikisika kwa mwendo mdogo bila kugongagonga freti (zile pau za chuma shingoni), ile sauti ya kila noti inakuwa na mwili. Unachopoteza ni kubendi. Ukiwa na Gibson au gitaa lenye urefu wa inchi 24.75 mvuto unapungua kama asilimia 6, kwa hiyo 11 kwenye gitaa hilo hazitishi kama kwenye Fender. Na ukishusha tuni nusu hatua, sita zote, mvuto unapungua kama asilimia 11, yaani 11 zako zinakuwa karibu na 10. Waimbaji wengi pia watakushukuru.

Sitaki mtu aje kuniambia nyuzi nene ndio uanaume. B.B. King, yule mpiga blues, alipiga na uzi wa kwanza wa 10 na hakuna aliyewahi kumwambia sauti yake nyembamba. Vidole vikiuma utapiga vibaya, na upigaji mbaya hauna uzi wa kuutibu. Toka 9 nenda 10, kaa, halafu 11. Za 12 waachie watu wa jazz, au kama gitaa lako umelitengenezea hizo.

Uzi wa tatu niuweke mtupu au wenye msokoto?

Ukibendi, mtupu. Kama hubendi na kazi yako ni kodi nene za taratibu, weka wenye msokoto na hutarudi nyuma. Uzi wa tatu mtupu ukishakuwa mnene, 18 au 20 kule, unakuwa kama kijiti, unatoa sauti ya "pwak" na tuni yake inapanda ukienda freti za juu, ndio maana kodi inasikika imekosea hata kama mashine ya kutuni inasema iko sawa. Flati nyingi za 11 na 12 zinakuja na wa tatu wenye msokoto tayari, angalia nyuma ya pakiti, kama namba ya tatu ina herufi w pembeni huyo ana msokoto.

Nikibadilisha unene kuna kitu cha kurekebisha?

Kipo, na mimi nimejifunza kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma nililetewa flati za 12 kutoka nje, nikazifunga Jumamosi usiku kwenye gitaa langu la bei ya chini ambalo lilikuwa na 9, kesho yake nikaenda nalo ibadani. Ile nati, kile kidude cheupe kule juu shingoni, mifereji yake ilichongwa kwa nyuzi nyembamba, kwa hiyo nyuzi zangu mpya zilikuwa zimebanwa hazikai chini. Katikati ya wimbo wa kuabudu, watu wamefumba macho, uzi wa nne ukajichomoa pale ulipokwama, "tinng!", tuni ikaruka. Mpiga kinanda akanigeukia kwa lile jicho. Nikamaliza wimbo kwa nyuzi mbili.

Kwa hiyo: mifereji ya nati itanuliwe na fundi mwenye faili dogo la kazi hiyo, msumeno wa chuma weka mbali jamani, halafu paka ncha ya penseli mle ndani uzi uteleze. Shingo itajikunja mbele kwa mvuto mpya, chuma cha ndani ya shingo kikazwe kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati. Intonesheni kwenye briji (tuni kuwa sawa mpaka freti za juu) irudiwe. Kama gitaa lako ni aina ya Stratocaster na ile briji inayoelea, ikinyanyuka nyuma kaza springi au ongeza moja. Ukipanda hatua moja tu, 10 kwenda 11, mara nyingi utarekebisha shingo na intonesheni tu.

Si niache tu nyuzi zichakae? Zikizeeka zinapoa zenyewe

Kuna ukweli. Uchafu na jasho vinaingia kwenye msokoto na makali yanakufa, kuna watu wanasubiri wiki mbili ndio wanarekodi. Lakini kupoa na kufa ni vitu viwili. Uzi uliokufa tuni haikai, kodi zinagombana, na kutu inakula freti zako, na kubadilisha freti ni ghali kuliko seti nyingi sana za nyuzi. Flati ndizo zinazozeeka kwa heshima. Mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, James Jamerson, alijulikana kwa kutobadilisha flati zake za La Bella labda ukatike. Za gitaa nazo zinakaa, mwaka hata zaidi, kwa hiyo ile bei yake ya mara mbili ukiigawa kwa miezi sio ghali kiasi hicho.

Dukani nimekuta za gitaa kavu tu, naweza kuzifunga kwenye la umeme?

Utafunga na zitalia, vibaya. Msokoto wa nyuzi za gitaa kavu ni bronzi, na sumaku haiioni bronzi, inaona ule waya wa katikati tu. Matokeo yake nyuzi nene zinanong'ona na zile tupu zinapiga kelele, kinyume kabisa cha tunachotaka. Na zile za nailoni za gitaa la klasiki, hapo pikapu haitasikia kitu.

Naishi pwani, nyuzi zinashika kutu ndani ya wiki

Pole, tuko wote. Hewa ya chumvi, unyevu, jasho la Februari, yaani uzi wa kwanza unauona unageuka rangi. Futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, juu na chini, kitambaa kikavu kipite katikati ya uzi na shingo, mimi natumia fulana ya zamani. Lingine ni nyuzi zilizofunikwa, kama Elixir, za kampuni ileile ya Marekani inayotengeneza Gore-Tex ya makoti ya mvua. Zina utando mwembamba sana juu ya msokoto unaozuia uchafu, na utando huo wenyewe unapunguza makali kidogo. Kati ya Polyweb na Nanoweb, Polyweb ndio zimepoa zaidi na zinateleza. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa anayetaka raundiwundi ningemwambia ajaribu hizo kabla ya nikeli safi.

Napiga rumba na dansi, hizi nyuzi zitanifaa?

Inategemea umekaa kiti gani. Solo na mi-solo (gitaa la kati ya solo na rizimu) kwenye sebene, hapana, usiweke flati. Sebene inataka kila noti itoboe ipite juu ya hai-hati na besi, ukiweka flati utakuwa unapiga na hakuna anayekusikia, wacheza dansi watadhani umekwenda kula. Nikeli safi za 10 zinatosha, sauti inabaki na ncha ila haichomi. Ukipiga rizimu na bendi yenu inapenda zile za taratibu ndefu, 11 za nikeli safi ni tamu sana, kodi zinakaa chini ya sauti ya mwimbaji kama mkeka. Flati kwenye rizimu ya bendi kubwa nimejaribu mara moja tu, zilimezwa na kinanda.

Brandi gani?

Nikeli safi: Fender 150, GHS Nickel Rockers, na DR Pure Blues ambazo waya wake wa katikati ni wa duara, zinajikunja vizuri vidoleni. Angalizo kwa hizo za DR, usikate uzi kabla hujaukunja kona kali kwenye ufunguo wa kutunia, ukikata ukiwa umenyooka msokoto unafumuka na uzi umekufa kabla haujalia. Flati: Chromes ndizo rahisi kupatikana. Thomastik-Infeld za Vienna ni laini mno vidoleni, na Pyramid Gold za Ujerumani ni flati za nikeli safi, hizi mbili mara nyingi itabidi umuagize mtu.

Nitajuaje nimeuziwa feki?

Niliwahi kupigwa na duka moja mjini, sitalitaja, pakiti ilikuwa ya brandi kubwa kabisa kwa bei ya chai na chapati mbili. Siku ya tatu uzi wa sita umekuwa mweusi, na wa pili hautuni hata ufanyeje. Tangu hapo nafungua pakiti palepale kaunta: karatasi ya ndani imechapwa ovyo, rangi imepauka, msokoto unaonekana una mapengo karibu na kile kipete cha mwisho, narudisha. D'Addario wana vipete vya rangi tofauti kwa kila uzi na namba ya kusajili ndani ya pakiti, iingize kwenye tovuti yao uone kama inakubali. Na bei ikiwa nzuri kupita kiasi unajua mwenyewe.

Wewe saivi umefunga nini?

Gitaa la kanisani lina Chromes za 11, zina mwaka na miezi, uzi wa kwanza tu ndio nimeubadilisha mara mbili, nanunua wa moja moja. La hotelini lina nikeli safi za 11, tuni nusu hatua chini, toni iko 6. Ijumaa iliyopita uzi wa tatu ulikatika saa nne usiku na sikuwa na wa akiba, kwa hiyo ukinunua, nunua seti mbili.